Mabomba Haya Yana Mwenyewe

6 Februari 1988

Mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi wazima, ukiacha mafua yanayohama kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine kama wamewekeana zamu. Shemeji yako amehamishiwa zamu ya mchana kiwandani, kwa hiyo tunapishana mlangoni. Mimi niko pale pale kwenye karakana ya kushona sare, na macho yameanza kunigomea kwenye kutunga uzi. Mama yupo. Anakula kidogo, anaongea kidogo zaidi, ila jeuri yake haijapungua hata chembe.

Wifi yangu hajambo? Na mtoto? Nimesikia kwa watu kwamba ameanza kutembea. Kwa watu, si kwako.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Sinki la jikoni limeziba. Maji yanasimama humo kutwa, yana utando wa mafuta juu, na harufu yake inatufuata mpaka chumbani. Nilimwita yule fundi wa njia panda. Akaja na mkoba wake begani, kwa bahati mbaya akamkuta Mama mlangoni.

"Unataka nini?"

"Nimeitwa kuzibua sinki, Mama."

"Mabomba haya yana mwenyewe," Mama akasema, akamfungia mlango usoni.

Ilibidi nimkimbilie barabarani kumwomba radhi. Niliporudi nikamuuliza Mama, huyo mwenyewe yuko wapi? Alichukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Wewe ndiye uliyeyatandika haya mabomba, kuanzia koki kuu ya uani mpaka chooni. Huwezi kupata likizo hata fupi? Nauliza tu. Usinijibu kwa hasira.

Dada yako


27 Februari 1988

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Mke wangu anakusalimu. Mtoto anatembea kweli, na kila akionacho chini anakitia mdomoni. Kazi ni nyingi, tunapandisha mabomba kwenye ghorofa refu na mimi ndiye ninayewasimamia mafundi wote wa maji, hivyo hata kuumwa siruhusiwi.

Sinki lisikutishe. Kama juu kuna utando wa mafuta, basi na ndani ya bomba kuna mafuta yaliyoganda. Chota kwanza hayo maji yaliyosimama. Mimina maji ya moto yenye sabuni, ngoja kidogo, kisha chukua ule mpira wenye mpini wa mti, ufunike nao tundu la sinki, usukume na kuvuta bila kuuinua. Usipofanikiwa, weka ndoo chini ya sinki na ufungue kile kikombe cha chini kwa kukizungusha kwa mkono. Taka nyingi huishia humo. Kioshe, kirudishe, na uangalie mpira wake umekaa sawasawa, la sivyo kitavuja.

Na siku zote weka chujio kwenye tundu. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe sinkini hata tone, yamwagwe kwenye kopo, yakiganda yatupwe na taka. Nashangaa kukuandikia haya. Mama ndiye aliyetufundisha, na alikuwa akitupiga mikononi kwa kijiko punje moja tu ikipita.

Kuhusu kuja, unajua mwenyewe. Siku niliyomleta mke wangu, Mama alimwacha amesimama na mizigo yake kizingitini mbele ya majirani, akasema mwanamke yule hataingia. Niliondoka naye, na nilisema nitarudi siku Mama atakaponiita kwa kinywa chake. Nakuuliza na mimi, bila hasira: amesema?

Mdogo wako


20 Machi 1988

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mafua yameisha, sasa ni magoti ya Mama. Anatembea akishika ukuta, na ukimpa mkono anakwambia yeye si mgonjwa.

Sinki linapita! Nilijifunga kitambaa puani, nikafanya kila ulichoandika, na kile kikombe kilipofunguka kikanitapikia ndoo nusu ya uchafu ambao sitausahau. Mafuta matupu, meupe, magumu kama mshumaa. Watoto walinipigia makofi. Mama alisimama mlangoni akinitazama, na uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi. Nilidhani ni magoti.

Jambo moja limenishangaza. Kopo la mafuta machafu lipo pale pale chini ya meza, nami ndiye ninayelijaza kila siku. Nilipolitazama lilikuwa tupu, limeoshwa.

Sasa koki ya bafuni inadondoka. Tone, tone, tone, kutwa. Nimeikaza mpaka kiganja kikauma, wapi. Mama ameweka beseni chini yake na kiti pembeni, anakaa hapo akisikiliza kama mtu anayesikiliza redio.

Unaniuliza amesema. Nilimuuliza waziwazi, "Mama, nimwandikie aje?" Akasema, "Aliyeyatandika anajua yalivyo." Nikamwambia hilo si jibu. Akasema maji yanapotea. Basi, hayo ndiyo niliyopata. Wewe unasubiri neno lake, yeye anasubiri miguu yako, na mimi mmenifanya bomba la kupitishia ukaidi wenu. Nimechoka, mdogo wangu. Yule ni mama yetu na anazeeka. Kuja kwako kutakupunguzia nini?

Dada yako


15 Aprili 1988

Dada yangu,

Nashukuru kwa barua. Huku hatujambo. Mke wangu amepata kazi ya nusu siku kwenye duka la vitambaa na anakutumia kipande hicho cha gauni, amesema wewe utajua cha kukifanya.

Koki inayodondoka haikazwi, ukiikaza unaiua. Kilichokwisha ni washa, kile kipira cha duara kilichomo ndani. Nimekutia chache kwenye kifurushi pamoja na spana ndogo. Nenda uani ufunge koki kuu. Fungua koki ya bafuni mpaka maji yaliyobaki yaishe. Fungua kichwa chake kwa spana, toa washa ya zamani, weka mpya ya ukubwa uleule, rudisha. Ukianza kufungua kabla hujafunga koki kuu utaogeshwa wewe na dari. Nimekutia pia waya wa kuzibulia, ule mrefu wa kuzungusha kwa mkono. Choo kikiziba unaupenyeza polepole huku unauzungusha, na ukikwama usiulazimishe, zungusha tu mpaka unase kitu.

Lakini niseme na hili. Ile koki niliiweka mimi, na haikuwa koki ya kuchoka mapema hivyo. Washa ikiisha haraka ni kwamba kuna mtu anaikaza kwa nguvu kila siku. Na mafuta hayatoki kwenye kopo kwa miguu yake. Una watoto humo ndani, Dada. Watazame vizuri.

Mama hajasema bado?

Mdogo wako


22 Mei 1988

Kwako Fundi,

Salamu zako zimefika na kifurushi kimefika. Mshukuru wifi yangu kwa kitambaa, ni kizuri kuliko barua yako.

Mtoto wangu wa kwanza amechapwa kwa sababu yako. Nilimsomea yale uliyoandika, akakana, nikamchapa kwa kukana. Alilia akisema hajagusa koki. Sasa najua alikuwa anasema kweli na sijui nitamtazamaje.

Nieleze nilivyojua. Washa nilibadilisha, koki ikanyamaza. Haikupita wiki, choo kikaziba. Si kuziba kwa kawaida, maji yalipanda mpaka ukingoni yakatufukuza sote. Nikachukua waya wako, nikaupenyeza kama ulivyosema, nikauzungusha, ukanasa. Nilivuta mpaka jasho likanitoka. Kilichotoka ni vitambaa, vimechanwa vipande virefu na kufungwa pamoja kwa mafundo. Nilitaka kuvitupa, nikaona pindo. Nilivisuuza kwa maji ya ndoo nikavitazama juani.

Ni lile shati lako la buluu, nililokushonea mimi mwenyewe ulipoanza kazi ya ufundi. Mishono yangu naijua hata ikitoka chooni. Ulipoondoka Mama alilikunja akalifungia kwenye sanduku lake, na ufunguo wa sanduku lile anaufunga kwenye pindo la kanga yake, hata akilala. Watoto wangu hawana ufunguo huo. Mimi sina. Shemeji yako hana.

Sikumuuliza. Nilivianika vile vitambaa kwenye kamba, vikakauka, jioni nikaona havipo. Mama alikuwa jikoni, amenipa mgongo, na hakugeuka.

Unaelewa ninachokwambia, au nikuchoree? Njoo.

Dada yako


30 Juni 1988

Mdogo wangu,

Sijapata jibu lako. Labda posta, labda wewe. Naandika tena.

Hapa wazima kiasi. Mama ameacha kwenda hata kwa jirani.

Wiki iliyopita umeme ulikatika karakanani, tukaruhusiwa mapema. Nikaingia nyumbani mchana kweupe. Nikamkuta Mama jikoni, ameegemea sinki kwa kiwiko, anamimina kopo lote la mafuta tunduni. Chujio ameliweka pembeni, safi, juu ya kitambaa. Aliniona. Hakushtuka. Alimaliza kumimina.

"Mama, unafanya nini?"

"Unaona."

"Tangu lini?"

"Wewe nawe unazibua upesi mno," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Mwanao, kwa barua."

Akacheka, lakini kicheko cha shingo upande. "Kwa barua! Basi amejitafutia mtu wa kushika nafasi yake."

Nilimkalisha kitini. Nikamwambia kama unamtaka mwite, neno moja tu, nitaliandika hivyo hivyo na litamfikia. Akanikazia macho. "Mimi nimwite? Aliondoka hapa bila kugeuka nyuma. Mimi simwiti mtu. Sinki ndilo limeziba." Halafu akanishika mkono, na alivyo na nguvu za kuku siku hizi ulinishtua ule mshiko. "Usimwandikie kuwa nimemwita. Mwandikie kuwa mabomba yameharibika yote. Mwandikie kuwa umeshindwa."

Nilimuahidi. Na ahadi yenyewe ndiyo hii ninayoivunja hapa. Mabomba hayajaharibika, sijashindwa, na mama yako anakuita. Kama wewe na yeye mna haja ya kujua nani aliyemwita nani, mtapatana mkiwa mmekaa chumba kimoja.

Nilimuuliza pia juu ya wifi. Aliuliza tu mtoto anafanana na nani.

Dada yako


24 Julai 1988

Dada yangu,

Barua zako zote mbili ninazo. Ya kwanza niliipokea mapema. Nilianza kuijibu, nikaacha. Mtoto umwombee radhi kwa niaba yangu.

Nimefikiri sana, na sitakudanganya. Kuziba sinki si kuita. Hukuwa umesimama pale kizingitini ukashika mkono wa mtu anayetetemeka. Mke wangu mpaka leo akifika mlango wa mtu husimama kwanza asubiri kuambiwa mara ya pili. Nilitaka neno moja, Dada. Kwa mtu aliyeweza kusema yote yale mbele ya majirani, neno moja ni zito kiasi gani? Mafuta sinkini anayaweza, kusema mwanangu njoo hawezi?

Hata hivyo nimeomba likizo. Tukimaliza kujaribu maji kwenye ghorofa zote, nitaachiwa. Huenda mwishoni mwa Septemba. Usimwambie, nisije nikachelewa.

Kwa sasa linda mabomba. Mtu mwenye magoti mabovu kwenye sakafu yenye maji anaweza kuanguka, na shati likishuka mpaka kwenye chemba ya nje itabidi uchimbe uani kote. Nakutumia nyavu za chuma. Moja ikae kwenye tundu la sinki, nyingine kwenye tundu la sakafu ya bafu, na uzikaze kwa skrubu zake zisitoke kwa mkono. Mfuniko wa choo utie kufuli, ufunguo wa choo ukae nawe na watoto. Koki za bafuni na koki kuu ng'oa mikono yake, uiweke juu ya kabati. Ukifanya hivyo hakuna kitakachoziba wala kudondoka mpaka nije.

Mdogo wako


18 Agosti 1988

Mdogo wangu,

Wazima, kiasi. Kifurushi kimefika na nimefanya yote. Nyavu zimekaa, skrubu nimezikaza mwenyewe, na mikono ya koki iko juu ya kabati ndani ya sufuria. Kufuli la choo tu ndilo nililokataa, sitamfanya mama yangu aniombe ufunguo wa kujisaidia. Badala yake nampeleka mwenyewe na namngoja nje. Mama alinitazama nikikaza skrubu ya mwisho ya sinki. Hakuuliza nani amenituma, nadhani alijua.

Jana niliona mikwaruzo kuzunguka wavu wa sinki, na ncha ya kisu cha mboga imepinda.

Septemba ni mbali. Usingoje maji ya ghorofa yako. Nimemwambia utakuja, nisamehe, nilishindwa kumtazama vile. Aliuliza, "Kufanya nini? Si yanapita yote?"

Dada yako


9 Oktoba 1988

Mdogo wangu,

Sisi tulio hai ni wazima. Watoto wamerudi shule. Shemeji yako anakusalimu, ingawa hakutaka nikuandikie neno hilo.

Telegramu yetu uliipata, maana jibu lako lilitufikia: "Zikeni, nafuata." Tumezika. Hujafuata. Sitakuuliza kama ghorofa limepata maji.

Nitakwambia siku za mwisho za Mama zilivyokuwa, kwa sababu utataka kujua na utaona haya kuuliza. Hakuanguka. Hakuumwa ugonjwa wa kuutaja jina. Alikaa tu. Baada ya zile nyavu aliacha kwenda jikoni, akaacha kwenda bafuni mpaka apelekwe, kama mfanyakazi aliyeachishwa kazi. Nilimletea kiti chake pale alipokuwa akisikiliza koki, akasema hapana, hapo hapana kitu cha kusikiliza. Septemba ikaingia, nikawa namhesabia siku kwa sauti ili apate kushika kitu. Ukaandika kwamba likizo imesogezwa. Barua ile sikumsomea, lakini aliiona mikononi mwangu ilivyo fupi.

Siku ile alikuwa amelala, nami nilikuwa namkanda miguu. Akaniuliza, "Hakuna kilichoziba?"

"Hakuna, Mama."

"Hata sinki?"

"Hata sinki."

"Chooni?"

"Chooni kunapita vizuri."

Akageukia ukutani. Nilidhani amesinzia, nikaendelea kumkanda. Ningemwambia kimeziba. Ningemwambia vimeziba vyote na maji yamejaa mpaka uani na fundi yuko njiani. Ningeng'oa ule wavu kwa meno yangu. Nilimjibu kweli kwa sababu nilikuwa najivunia kazi yangu, kazi uliyonifundisha wewe, na ulinifundisha vizuri.

Kwa kinywa chake hakukuita. Kwa hilo umeshinda, kama ulikuwa unashindana. Alikuita jikoni, akakuita bafuni, akakuita chooni kwa shati lako mwenyewe alilolichana kwa mikono yake. Kila mara ulimjibu kwa maelekezo. Nami nilikuwa nayasoma na kuyafuata neno kwa neno.

Tulifungua sanduku lake. Yale matambara ya buluu yalikuwamo, amejaribu kuyaunganisha tena kwa mkono. Mishono imekwenda upande, Mama hakuwahi kujua kushona. Chini yake kulikuwa na kigauni cha mtoto wa kike, kipya, bado kina karatasi ya dukani. Mpe mtoto wako kama bado kinamtosha. Nimekitia humu.

Nimetia pia spana yako, waya wako wa kuzibulia, na zile nyavu pamoja na skrubu zake. Niliziondoa jioni ile ile tuliyotoka kuzika. Nikaacha matundu wazi na kopo la mafuta nikaliweka pale pale karibu na sinki, sijui kwa nini. Mpaka leo hakuna mtu aliyeligusa, na maji yanapita.

Mlango hauna tena wa kumzuia mtu. Wifi yangu akitaka kuja aje, nitamfungulia mwenyewe na nitamwambia karibu mara mbili. Wewe ukija, njoo mikono mitupu. Hakuna cha kutengeneza.

Dada yako